Schuld ni deni au ni hatia? Ombi kwa wanaofasiri habari za Kijerumani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie neno moja la Kijerumani. Ni neno la silabi moja, huandikwa Schuld na kutamkwa "shult", kwa kuwa d ikikaa mwisho wa neno katika Kijerumani hukauka ikawa t. Tangu mazungumzo ya kurudishwa kwa mafuvu na mifupa ya wazee wetu kutoka majumba ya makumbusho ya Ujerumani yaliposhika kasi, neno hili halikosekani katika taarifa zitokazo Berlin. Huku Moshi na Arusha, ambako wajukuu wa walionyongwa na Wajerumani enzi za ukoloni wapo na wanasoma magazeti, limekuwa likifasiriwa vyovyote vile. Leo ni "deni", kesho "hatia", keshokutwa "lawama", na mara nyingine yote matatu ndani ya habari moja.

Yote matatu yanaweza kuwa sahihi, ila kila moja lina mahali pake. Chukua sentensi hizi mbili: Deutschland hat Schulden, na Deutschland hat Schuld. Ya kwanza ni habari ya bajeti, kwamba Ujerumani inadaiwa fedha, na nchi gani haidaiwi? Ya pili inasema Ujerumani ina hatia. Zimetofautiana kwa herufi mbili za mwisho. Familia ya Old Moshi ikisoma kichwa cha habari "Ujerumani yakiri deni", itauliza ni kiasi gani na kitalipwa lini. Ikisoma "yakiri hatia", itauliza ni nani aliyekiri, kwa tendo lipi, na mbele ya nani. Mfasiri aliyechagua neno bila kuangalia ameshawachagulia wasomaji swali la kuuliza.

Tuanze na asili, maana ukiijua asili nusu ya makosa huondoka. Kiswahili kina maneno yaliyokutana njiani yakafanana sura bila undugu wowote: paa la nyumba na paa wa porini. Schuld si la aina hiyo. Ni kama mbuzi wa kuchungwa na mbuzi ya kukunia nazi, neno moja ambalo maana ya pili imechipuka kwenye ya kwanza. Mzizi wake ni kitenzi cha Kijerumani cha kale, sculan, yaani kupaswa au kuwiwa. Kitenzi hicho bado kiko hai, ila kimepoteza k yake na leo huandikwa sollen; ndugu zake wa Kiingereza ni shall na should, ambao kila aliyepita sekondari anawajua. Jina lililozaliwa humo lilikuwa sculd: kile unachopaswa kukitoa. Umechukua ng'ombe wa mtu, unapaswa kutoa ng'ombe. Umemvunja mtu mkono, unapaswa kutoa fidia. Katika sheria za kale za makabila ya Kijerumani hata uhai ulikuwa na malipo yake, yaliyoitwa Wergeld: sheria ya Wafranki wa Kisali ya mwanzoni mwa karne ya 6 iliweka solidi 200, yaani sarafu za dhahabu, kwa aliyemuua Mfranki huru. Mmasai au Mwarusha anayeijua fidia ya damu inayolipwa kwa mifugo hahitaji maelezo marefu hapa. Mahali ambapo kosa hulipwa kwa mali, aliyekosa na anayedaiwa ni mtu yuleyule, na neno moja linawatosha wote wawili. Baadaye dola ilipoichukua kazi ya kuadhibu kutoka mikononi mwa familia, mambo hayo mawili yaliachana, lakini neno lilibaki moja. Kiholanzi na Kiswidi navyo vimebaki hivyohivyo hadi leo. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche aliegemea hapo mwaka 1887 aliposema kwamba wazo zima la hatia limetoka kwenye madeni. Hoja yake ya falsafa kila mtu ataipima mwenyewe. Kuhusu undugu wa maneno hayo alikuwa sahihi.

Mzizi huo umeacha alama hata kwenye majina ya watu. Zamani katika vijiji vya Ujerumani alikuwapo afisa aliyeitwa Schultheiß, yaani anayewaamuru watu watimize yale wanayowiwa na bwana wao, kwa kodi na kwa kazi, jinsi mchili, yaani mkuu wa mtaa, alivyokuwa akimfanyia mangi, mtawala wa Kichagga, huku kwetu. Cheo hicho kilifupika kikawa jina la ukoo: Schulz, Schulze, Scholz. Olaf Scholz, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani kuanzia mwaka 2021 hadi 2025, amelibeba neno letu hili katika jina lake.

Kwa msomaji wa mkoa wa Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walihubiri kuanzia mwaka 1893, mahali pepesi pa kuziona maana zote mbili ni Sala ya Bwana. Mjerumani husali: Und vergib uns unsere Schuld, wie auch wir vergeben unsern Schuldigern. Biblia yetu ya Kiswahili, Mathayo 6:12, inasema: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Lakini katika ibada wengi hutamka "makosa yetu". Nani amekosea? Hakuna. Kigiriki cha Mathayo kina opheilēmata, neno la madeni hasa. Na nyuma yake kuna Kiaramu, ambacho nacho hutumia neno moja kwa deni na kwa dhambi. Luka 11:4 amebadilisha nusu ya kwanza akaandika dhambi, ila nusu ya pili ameacha lugha ya deni, ndiyo maana Kiswahili kinasema "kila tumwiaye". Hapo pana kitenzi kizuri ambacho vijana wengi hawakijui tena: kumwia mtu ni kumdai, na kuwiwa ni kudaiwa. Askofu Wulfila alipoifasiri sala hiyo kwa Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu wa Kijerumani, katika karne ya 4, alitumia skulans, wadeni, mzizi uleule wa Schuld. Angalia pia Schuldiger ya mwisho wa sala. Katika Kijerumani cha leo Schuldiger ni mkosaji, mwenye hatia. Mdaiwa ni Schuldner. Sala imehifadhi matumizi ya zamani, kwa hiyo asiichukue mtu kama kielelezo cha kufasiri mkataba wa mkopo.

Sasa alama za kuzitofautisha maana hizo. Hapa tutakaa kidogo.

Alama ya kwanza ni umoja na wingi. Fedha huja kwa wingi: Schulden. Hatia huja kwa umoja: Schuld. Ukiona Schulden bila neno jingine la kukutia shaka, andika "madeni" na uendelee. Ukiona Schuld ya umoja, simama, kwa maana mara nyingi ni hatia lakini si kila mara. Mwanasheria atasema Schuld kwa wajibu mmoja wa mkataba, na mtu wa kawaida atasema Ich stehe tief in Ihrer Schuld akiwa hana habari na hatia wala fedha. Mpanda mlima aliyepatwa na ugonjwa wa kimo pale kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, akateremshwa usiku na wapagazi, akiwaambia maneno hayo anawaambia kwamba wamemtendea wema asioweza kuulipa. Kiswahili chake ni "deni la fadhila". Akitokea mtu kuandika "mtalii akiri hatia kwa wapagazi", amemtukana mtu aliyekuwa akishukuru.

Alama ya pili ni kitenzi na neno linalofuata. Schuld haben an, Schuld tragen an: hapo kihusishi an kinataja jambo ambalo mtu ana hatia nalo. Jemandem die Schuld geben ni kumtupia mtu lawama. Halafu kuna schuld sein, ambayo huandikwa kwa s ndogo, na hii ndiyo inayotuchosha zaidi, kwa sababu ni maneno ya mtaani, hayana uzito wa mahakama. Der Regen ist schuld maana yake ni kwamba mvua ndiyo iliyosababisha. Mvua haina hatia. Wer ist schuld? ni "nani wa kulaumiwa?" au, kwa Kiswahili cha kila siku, "kosa la nani?" Neno "hatia" katika magazeti yetu limebeba hakimu, kizimba na hukumu, lisitumike palipo na lawama tu.

Alama ya tatu ni sifa schuldig, nayo ina mlango wa deni na mlango wa hatia. Ikifuatana na kiasi na mtu anayedai, ni deni: Ich bin dir 50 Euro schuldig. Ikisimama peke yake, au ikifuatana na jina la kosa, ni hatia: des Mordes schuldig, mwenye hatia ya kuua. Wahudumu wa migahawa ya Moshi mjini na waongoza watalii wanaojifunza Kijerumani wanakutana nayo mezani. Mjerumani wa makamo akimaliza kula husema: Was bin ich Ihnen schuldig? Neno kwa neno: ninawiwa nini nanyi? Ni njia ya heshima ya kuomba bili. Aliyejifunza schuldig kutoka filamu za polisi anashtuka, anadhani mgeni anauliza amekosa nini, naye anajibu nichts, "hakuna", na mgeni anabaki ameduwaa, hajui kama amekirimiwa. Jibu ni kutaja kiasi. Bili ikiwa shilingi 28,000, sema achtundzwanzigtausend Schilling, ukikumbuka kwamba Mjerumani hutanguliza nane kabla ya ishirini. Ukigeuza mpangilio ukasema zweiundachtzig umeshamdai elfu 82.

Kuna matumizi mengine ya schuldig ambayo yanastahili tahadhari kubwa katika habari za makumbusho: schuldig bleiben, kubaki ukiwiwa. Das Museum blieb die Antwort schuldig. Anayekimbia ataona museum, ataona schuldig, na ataandika kwamba jumba la makumbusho limekiri hatia. Sentensi inasema kinyume kabisa cha kukiri: jumba la makumbusho halikutoa jibu.

Alama ya nne ni maneno ya kuungwa, na hapa kuna kanuni inayosaidia sana. Kijerumani kikiunganisha neno hili na jingine, tazama kama kuna en katikati. Yenye en ni fedha: Schuldenerlass ni msamaha wa madeni, Schuldenbremse ni breki ya madeni, ile iliyoingizwa katika Katiba ya Ujerumani mwaka 2009 kuizuia serikali kukopa kupita kiasi. Isiyo na en huwa hatia: Schuldgefühl ni kujiona una hatia, Schuldspruch ni hukumu ya kumtia mtu hatiani, Schuldbekenntnis ni ungamo, kama lile la Stuttgart la Oktoba 1945 ambamo viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani waliungama baada ya Vita Kuu ya Pili. Hivyo Schuldfrage na Schuldenfrage ni maswali mawili tofauti kabisa: la kwanza ni nani mwenye hatia, la pili ni madeni yatalipwaje. Kanuni hii inavunjwa na maneno ya benki na ya sheria: Schuldschein ni hati ya kukiri deni, Schuldverschreibung ni hati fungani, Schuldrecht ni sheria ya wajibu wa mikataba. Hayo yakaririwe, hayana njia ya mkato. Na mwangalie unverschuldet, lenye sura mbili ndani ya umbo moja. Nyumba iliyo unverschuldet ni nyumba isiyo na deni wala rehani. Mtu aliyeingia kwenye shida unverschuldet ameingia bila kosa lake.

Mfano mkubwa wa en hiyo uko kwenye historia yetu wenyewe. Kriegsschuld ni hatia ya kuanzisha vita. Kriegsschulden ni madeni ya vita. Mkataba wa Versailles wa 28 Juni 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza na ambao kwa ibara ya 119 uliivua Ujerumani makoloni yake yote na kuifanya Moshi na Arusha zisirudi tena mikononi mwake, una ibara ya 231 inayoitaja Ujerumani na washirika wake kuwa wenye kuwajibika kwa hasara za vita. Wajerumani waliibatiza ibara hiyo jina la ibara ya Kriegsschuld, wakaichukia kwa miaka mingi, ingawa neno "hatia" halimo ndani ya ibara. Lililomo ni kuwajibika. Upande wa fedha ulijiendesha kivyake. Riba ya mwisho ya hati fungani zilizotokana na malipo ya fidia ya vita hivyo ililipwa tarehe 3 Oktoba 2010. Deni lina tarehe ya mwisho, na benki inaweza kukuandikia risiti. Ubishi kuhusu hatia ya vita hivyo unaendelea kwenye vyuo vikuu hadi sasa.

Kwa wanaofasiri mikataba, na kahawa ya Kilimanjaro inauzwa kwa Wajerumani kwa karatasi nyingi, lipo jambo la ziada. Katika Kanuni ya Sheria za Madai ya Ujerumani, iitwayo BGB kwa kifupi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, Schuldner ni yeyote anayewiwa kutimiza kitu, si lazima awe anadaiwa fedha. Ukiuza kontena moja la magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200, wewe muuzaji ndiwe Schuldner wa kahawa na mnunuzi ni Schuldner wa malipo. Mfasiri akiandika "mdaiwa" pande zote bila kutaja anadaiwa nini, mkulima atadhani amekopa. Andika "mwenye wajibu wa kukabidhi kahawa" na "mwenye wajibu wa kulipa", basi. Katika mikataba hiyohiyo kuna maneno matatu yanayoamua kahawa inakabidhiwa wapi. Holschuld: mnunuzi aifuate mwenyewe kwenye ghala lako Moshi. Schickschuld: wewe uikabidhi kwa msafirishaji, na kazi yako inaishia hapo. Bringschuld: uifikishe hadi mlangoni kwa mnunuzi, na ikiharibika njiani hujatimiza bado. Sheria ya Ujerumani, pale ambapo mkataba umenyamaza na mazingira hayaonyeshi vinginevyo, huchukua ya kwanza. Fedha ni tofauti: mlipaji huituma kwa gharama yake na kwa hatari yake. Ukifasiri schuld hizi kuwa "hatia" mkataba mzima unageuka kituko, na tumeyaona hayo yakitokea.

Bringschuld imetoka kwenye mikataba ikaingia katika mazungumzo ya kawaida. Mjerumani akisema taasisi fulani ina Bringschuld, anasema kwamba ni juu ya taasisi hiyo kutangulia kutoa taarifa, isingoje kuulizwa. Kwa habari za mabaki ya wazee wetu tofauti hiyo ni nzito: je, familia za Kibosho na Meru ndizo ziandike barua Berlin kuuliza, au Berlin ndiyo iwatafute? Kiswahili cha kufaa ni "wajibu wa kutangulia kutoa taarifa". Ni kirefu, lakini kinasema kilichosemwa.

Tumefika kwenye kuomba msamaha, na hapa makosa ya tafsiri yanauma. Kuna Entschuldigung na kuna Entschuldung. Katikati ya ya kwanza mna ig na ya pili haina. Entschuldigung ni kumwondolea mtu hatia, yaani msamaha, na ndilo neno la kila siku la "samahani". Entschuldung ni kuondolewa madeni ya fedha, kama nchi maskini zilivyofutiwa sehemu ya madeni. Ukikosa ig moja umegeuza habari ya wizara ya fedha kuwa habari ya toba, au kinyume chake. Isitoshe, Mjerumani anaweza kusema Ich entschuldige mich, ambayo neno kwa neno ni "najiondolea hatia", na Wajerumani wenyewe walio makini huikwepa kwenye mambo mazito, wakisema hakuna awezaye kujiondolea hatia mwenyewe. Aliyekosewa ndiye mwenye uwezo huo. Kwa hiyo husema um Entschuldigung bitten au um Verzeihung bitten, kuomba. Rais Frank-Walter Steinmeier alipokuwa Songea tarehe 1 Novemba 2023, akizungumzia yale Wajerumani waliyowatendea watu wa vita vya Maji Maji, alitumia njia hiyo ya kuomba, kwa neno Verzeihung. Neno hilo limetoka kwenye verzeihen, ambalo zamani lilimaanisha kuacha dai, na ndugu yake Verzicht hadi leo ni kuachilia haki yako. Kwa Kiswahili "aliomba msamaha" inatosha na ni sahihi. "Alikiri deni" si sahihi, wala "alikubali kulipa", maana maneno hayo hayakusemwa, na msomaji wa Songea au wa Old Moshi ana haki ya kujua nini kimesemwa na nini hakijasemwa.

Kiswahili nacho kina mtego wake, tena upande wa kitenzi. Sisi tunasamehe deni na tunasamehe kosa kwa kitenzi kimoja. Kijerumani, ambacho kina jina moja kwa yote mawili, kimegawanya vitenzi: madeni hufutwa, erlassen, hatia husamehewa, vergeben au verzeihen. Anayefasiri kutoka Kiswahili kwenda Kijerumani akiandika Schulden vergeben kwa mkopo wa benki atasikika kama anayetoa baraka. Uchaggani ugawaji huu unaonekana kwa macho. Jani la sale likipelekwa kwa aliyekosewa linaomba msamaha, na mila inamtaka aliyeletewa asilikatae; mambo ya fidia, yaani mbuzi na pombe ya mbege, huzungumzwa na wazee kivyake. Mfasiri aliyekulia huku ana kipimo hicho tayari: ajiulize kama sentensi iliyo mbele yake ni ya sale au ni ya mbuzi.

Pacha wa Schuldner anastahili mistari miwili. Mdai, kwa Kijerumani, ni Gläubiger, kutoka glauben, kuamini: aliyekuamini akakupa mali yake. Lakini ein Gläubiger ni pia muumini wa dini, na sura ya neno haikuambii ni yupi. Sentensi ndiyo inayoamua. Kiswahili hakishangai, kwa kuwa imani na amana kwetu ni mzizi mmoja.

Limebaki suala la kurithi, linaloleta ubishi mwingi kuliko yote. Katika sheria ya Ujerumani madeni hurithiwa: BGB inamfunga mrithi kwa madeni ya marehemu, ila akiukataa urithi ndani ya muda uliowekwa. Hatia ya jinai hairithiwi. Kanuni yao ya adhabu huipima adhabu kwa Schuld ya mtendaji mwenyewe. Mwanafalsafa Karl Jaspers, alipowasemesha Wajerumani wenzake juu ya Schuld mwaka 1946, aliigawa mafungu manne: ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili, na ile ya mtu mbele ya Mungu. Ndiyo sababu msemaji wa Kijerumani wa leo, akizungumzia Mangi Meli aliyenyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18, huweza kuchagua Verantwortung, wajibu, na kuiepuka Schuld. Msomaji anaweza kuona uchaguzi huo ni wa haki au ni wa kukwepa. Hawezi kuuona kabisa ikiwa mfasiri ameandika "hatia" kwa yote mawili. Verantwortung iwe "wajibu" au "kuwajibika", na Schuld ibaki na maneno yake.

Tunapendekeza basi, Mhariri, kwamba kila habari yenye neno hili ipite kwa mtu anayeweza kuiona sentensi ya Kijerumani yenyewe, isifasiriwe kutoka kwenye tafsiri ya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza kina maneno tofauti kwa deni na kwa hatia, na aliyefasiri kwanza ameshachagua upande. Ikiwa nukuu ni fupi na ni ya kiongozi, neno la Kijerumani lichapishwe kwa S kubwa kando ya Kiswahili chake, ili wanaojua wahakiki. Na pale mwandishi wa Kijerumani anapolitumia Schuld kwa makusudi akibeba maana zote mbili, jambo ambalo hutokea mara nyingi mafuvu haya yanapojadiliwa, yaandikwe maneno mawili, "deni na hatia", hata kama kichwa cha habari kitavuka safu.

Wafasiri na walimu wa Kijerumani,
Moshi